UZI: Kuzalisha maua ya ndani kwa pingili – tafuta jicho kwanza, dawa baadaye

MzeeWaVikopo

Wakuu, salaam.

Swali linalorudi kila mara ni hili: "Nimekata ua langu nikalitia kwenye maji, likaoza, niweke dawa gani?" Majibu yanamiminika: mdalasini, asali, shubiri, maji ya mchele. Hakuna anayemuuliza mwenzake alikata wapi. Nimeona tuzungumze taratibu, kwa sababu pingili nyingi, yaani vipande vya shina vinavyokatwa ili vitoe mizizi, huwa zimeshakufa kabla hazijagusa maji, ila mwenyewe hajui.

Chukua potosi, hii Epipremnum aureum inayotambaa ambayo wengi wanaiita mani planti. Shika shina lake ulitazame kwa karibu. Kila mahali jani linapotokea pana kifundo. Shina limevimba kidogo, limezungukwa na kovu jembamba, na upande mmoja kuna kinundu cha kahawia chenye ncha ngumu. Kinundu hicho ni mzizi wa hewani ulioanza zamani, unasubiri unyevu tu. Sasa pitisha ukucha kwapani mwa kikonyo, pale jani linaposhikana na shina. Utagusa kitu kidogo kuliko punje ya ulezi. Hilo ndilo jicho. Shina jipya litatoka hapo. Kipande cha shina kilicho kati ya kifundo na kifundo hakina jicho, na ukikiweka kwenye maji peke yake unaozesha tu.

Kwa hiyo pingili iliyokamilika ina angalau kifundo kimoja kitakachokaa ndani ya maji au udongo, na jani moja au mawili juu. Kwa maua yasiyotambaa, ncha ya sentimita 10 hadi 15 inatosha. Chagua shina lisilo changa sana wala gumu sana. Lile teketeke la juu kabisa huoza haraka, na lililokwisha kuwa kuni huchelewa mno. Kata nusu sentimita hivi chini ya kifundo. Ukiacha kisiki kirefu chini yake, hakina kazi yoyote, kitaoza na uozo utapanda juu. Haya mabishano ya kukata mshazari au kukata moja kwa moja mimi nayaacha yapite. Wembe uwe mkali usiponde shina, na uufute kwa spiriti ya asilimia 70 unapotoka ua moja kwenda jingine, maana bakteria na virusi vya mimea husafiri kwa kisu.

Majani yanataka akili kidogo. Pingili haina mizizi, lakini majani yanaendelea kutoa maji hewani kama kawaida. Ukiyaacha mengi, inanyauka. Ukiyatoa yote, unaiua kwa njaa, kwa sababu sukari ya kujengea mizizi inatoka humo humo kwenye majani. Tena homoni inayoamrisha mizizi itoke, oksini, hutengenezwa kwenye ncha na kwenye majani machanga, inashuka na shina, inafika kwenye jeraha na kurundikana hapo. Toa majani ya chini ambayo yangezama. Toa na vichwa vya maua vyote, vinakula bure. Mpira, yaani Ficus elastica, wenye jani pana, lilaze jani liviringe na ulifunge kwa lastiki, au likate nusu.

Halafu maji yenyewe. Maji kama maji hayaozeshi pingili. Kinachoiozesha ni maji yasiyo na hewa. Kitako cha pingili kinapotengeneza mizizi kinapumua kwa nguvu, na maji yaliyosimama siku nyingi oksijeni yake imekwisha. Maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi, ndiyo maana gilasi iliyowekwa juani dirishani huoza mapema. Badilisha maji kila baada ya siku tatu au nne, na uoshe gilasi ukisikia utelezi pembeni. Yafunike kifundo kimoja au viwili, basi, usizamishe shina lote. Mwanga uwe mwingi lakini jua lisipige moja kwa moja, na joto la nyuzi 20 hadi 25 linafaa maua karibu yote ya ndani.

Koleasi na tradeskantia hutoa mizizi ndani ya wiki moja au mbili. Potosi na filodendroni za kutambaa wiki mbili hadi nne. Mpira unaweza kwenda mwezi hadi miezi miwili, na mwenye haraka asiuguse kabisa.

Habari ya kuhamishia udongoni nitaileta chini kidogo. Hapo ndipo penye misiba.

Mchokozi

Naweka mkeka hapa. Ila mdalasini usiuseme vibaya mzee, ndio ulionilea.

MzeeWaVikopo

Mchokozi, mdalasini unazuia ukungu kidogo, sikatai. Mizizi hautoi. Na ukiupaka kwenye kitako cha pingili unakikausha, wakati wewe unataka kiwe na unyevu. Weka kwenye chai.

JaniMoja

Mkuu ahsante kwa uzi. Naomba kuuliza. Nina jani la potosi nililiokota chini na kikonyo chake, nikaliweka kwenye chupa. Limetoa mizizi mirefu mizuri kabisa, na jani bado la kijani. Lakini miezi inapita halitoi jani la pili. Nikilipanda kwenye udongo wenye mbolea litaamka?

MzeeWaVikopo

JaniMoja, halitaamka, hata ulipe mbolea gani. Kikonyo kinaweza kutoa mizizi, kwa hiyo jani linakunywa na kuishi muda mrefu sana. Ila jicho lilibaki kwenye shina ulipoliokota. Ulichonacho ni jani lenye mizizi. Ni yale yale ya Hoya kerrii, ile yenye jani la umbo la moyo inayouzwa jani moja moja kwenye kikopo. Kama walikata bila kipande cha shina, litabaki moyo mmoja hadi lichoke.

Usilichanganye hili na maua ambayo jani lake linaweza kuunda jicho jipya kutoka sifuri. Begonia zile za majani ya rangi, sansevieria, Zamioculcas, na urujuani wa Afrika, hizo jani linatosha. Zamioculcas kwanza hutengeneza kiazi chini ya udongo, kwa miezi, na juu huoni kitu. Wengi huitupa ikiwa inafanya kazi.

BintiKivuli

Hapo kwenye sansevieria niongezee. Ile yenye kingo za njano ukiizalisha kwa vipande vya jani, watoto wote wanatoka kijani tupu. Njano inapotea. Ukitaka njano ibaki, gawanya shina la chini ya udongo pamoja na chipukizi lake.

MzeeWaVikopo

Kweli kabisa dada. Ile njano ni tabaka la seli za aina tofauti lililokaa pembeni, na chipukizi jipya la kwenye jani huanzia kwenye seli za ndani zilizo za kijani. Ndiyo raha ya pingili ya shina: jicho limekwishaundwa na tabaka zake zote, kwa hiyo mtoto hurithi mabaka ya mama.

Albino wa Monstera

Basi hapo hapo mkuu. Monstera yenye weupe, nikate wapi ili mtoto awe na weupe? Hili ua si la kufanyia majaribio.

MzeeWaVikopo

Usitazame jani, tazama shina. Shina la Monstera yenye weupe lina michirizi myeupe inayopanda nalo. Tafuta jicho, halafu uone mchirizi unapita wapi. Jicho lililokaa kwenye mpaka wa weupe na kijani, au lililopitiwa na michirizi yote miwili, ndilo lenye matumaini. Jicho lililo kwenye kijani kitupu mara nyingi litatoa kijani kitupu, hata kama jani lililo juu yake ni zuri la kupigia picha. Na lililo kwenye weupe mtupu litatoa majani meupe yasiyo na kijani cha kujitengenezea chakula, yatakaa kidogo yaungue kingo. Hakuna dhamana, lakini mwenye kusoma shina anakata vizuri kuliko mwenye kusoma majani.

Acha na kipande cha mzizi wa hewani kama kipo. Monstera yenye mzizi wa hewani kwenye kifundo husonga mbele upesi.

UdongoKwanza

Mzee, umeandika vizuri ila naomba nikupinge. Kwa nini unawaanzisha watu kwenye maji? Mizizi ya kwenye maji ni dhaifu. Mimi nachomeka moja kwa moja kwenye mchanga mnene uliochanganywa na vumbi la makumbi ya nazi, nafunika na mfuko wa plastiki, nasahau. Mizizi inayotoka humo haina haja ya kuhamishwa mara mbili.

MzeeWaVikopo

UdongoKwanza, kwa mpira, na kwa begonia, peleagoni na yote yenye shina la nyamanyama, niko upande wako. Hata kakti na maua mengine ya kuhifadhi maji, hayo maji ni marufuku. Unayakata, unayaacha kivulini siku kadhaa mpaka jeraha lifunge na kukauka, ndipo unachomeka. Euphorbia nayo hivyo hivyo, ila utomvu wake mweupe usifike machoni, vaa glovu.

Lakini kwa anayeanza, maji yana faida moja ambayo mchanga hauna: anaona. Anaona kitako kinavimba, anaona nundu nyeupe, anaona uozo siku ya kwanza. Kwenye mchanga atajua siku jani litakapoanguka. Maua ya jamii ya potosi, filodendroni na Monstera yana asili ya kutoa mizizi popote penye unyevu, kwa hiyo hayalipi gharama kubwa kwa kuanzia majini.

Unachosema kuhusu mizizi ya maji ni kweli, na ndiyo sehemu niliyoahidi. Mzizi uliokulia majini ni mnene, mweupe, unakatika ukiukunja, na vinyweleo vyake vya kunywea ni vichache kwa sababu haukuvihitaji. Ukiupeleka udongoni inabidi uanze kutengeneza vingine. Hizo wiki mbili za mwanzo ua linaishi kwa akiba. Sasa watu hufanya nini? Wanasubiri mizizi ijae gilasi nzima, wanahamishia kwenye chungu kikubwa, wanamwagilia mara moja, halafu wanasubiri udongo ukauke "ili usioze". Mizizi iliyozoea maji saa zote inakauka pamoja na udongo. Kesho yake majani yamelala.

Hamisha mapema, mizizi ikiwa na sentimita 3 hadi 5 na imeanza kutoa matawi. Kikopo kiwe kidogo, chenye tundu chini. Udongo uwe mwepesi. Mimi huchanganya vumbi la makumbi ya nazi na perlaiti, zile chembe nyeupe nyepesi za kupitisha hewa, kwa nusu kwa nusu. Usishindilie kwa vidole, mwagilia na maji yashushe udongo yenyewe. Kisha uweke unyevu mfululizo kwa wiki mbili za kwanza, usiuache ukauke kabisa, na ufunike kwa mfuko unaoruhusu hewa kidogo. Baada ya hapo punguza kidogo kidogo hadi ufikie umwagiliaji wa kawaida. Majani kulegea siku mbili tatu za mwanzo kusikutishe. Mbolea subiri hadi uone jani jipya.

UdongoKwanza

Hapo kwenye kuhamisha mapema tumekutana. Ila bado nasema mchanga.

BintiKivuli

Ninyi wawili kaeni mbali. Swali langu: shina langu la mpira liko majini na limeanza kutoa vidoadoa vyeupe vilivyovimba, kama chunusi, sehemu iliyozama. Ni ukungu? Nilitaka kulitupa.

MzeeWaVikopo

Usilitupe. Ngozi ya shina ina matundu madogo ya kupumulia, na yakizama majini huvimba na kuwa meupe, yanatafuta hewa. Hutokea sana kwenye mpira. Yako kwenye mistari au yametawanyika sawasawa, ni magumu ukiyagusa na hayatoki. Ukungu una nyuzinyuzi laini zinazoelea, unafutika kwa kidole. Na uozo wenyewe utaujua kwa mkono kabla ya macho. Shina huwa la kahawia linaloonyesha, linateleza, ukilibana ngozi yake inachunika na kubaki uzi katikati. Harufu nayo haifichiki. Likifika hapo, kata juu hadi uone nyama nyeupe au kijani safi, badilisha chombo, anza upya na kilichobaki kama bado kina kifundo.

Kwa mpira, lile tone la maziwa linalotoka ukikata, lioshe kwa maji ya vuguvugu kwanza mpaka liache kutiririka.

Mchokozi

Sawa mdalasini tumeuzika. Na ile poda ya homoni? Nayo ni chai?

MzeeWaVikopo

Hiyo si chai. Ina historia yake. Mholanzi Frits Went mwaka 1928 alionyesha kwamba kuna kemikali inayotoka kwenye ncha ya chipukizi la oti na kuamrisha ukuaji huko chini. Ndiyo oksini niliyoitaja. Miaka michache baadaye, 1935, Zimmerman na Wilcoxon huko Marekani walionyesha kwamba kuna kemikali za kutengenezwa maabara zinazofanya kazi hiyo ya kutoa mizizi, mojawapo asidi ya indoli-butiriki, ambayo kwenye vibandiko utaiona kwa herufi IBA. Mpaka leo poda nyingi ni hiyo hiyo iliyochanganywa na talki, ule unga laini mweupe.

Soma kibandiko. Asilimia 0.1 ni ya mashina laini, 0.3 ya yaliyokomaa nusu, 0.8 ya yaliyo kuni. Kwa maua ya ndani ile ya kwanza inatosha, na kwa potosi huhitaji kabisa, ina oksini yake ya kutosha. Poda inaonyesha faida kwenye mpira na kwenye miti yenye shina gumu. Ukizidisha, unachoma kitako na kuchelewesha jicho lisichipue. Mimina kidogo kwenye karatasi, chovya kitako, kung'uta kinachozidi, ulichobakisha tupa. Usichovye ndani ya kopo, unaingiza unyevu na vijidudu. Na usiitumie na maji. Ni ya udongo, kwenye gilasi inaosheka tu.

Drasena Juu Chini

Mzee nina shina la drasena lililokatwakatwa vipande na sijui tena juu ni upi, chini ni upi. Inajalisha?

MzeeWaVikopo

Inajalisha sana. Mwaka 1878 Mjerumani Hermann Vöchting aliandika kuhusu vipande vya mwerebi (Salix), ule mti laini wa kando ya mito, alivyovining'iniza kichwa chini mahali penye unyevu. Mizizi iliendelea kutoka upande uliokuwa chini tangu awali, ingawa sasa ulikuwa juu hewani. Shina linakumbuka kichwa chake kilikuwa wapi, kwa sababu oksini husafirishwa kuelekea upande mmoja tu, toka ncha kwenda mizizi.

Kwa drasena, tazama makovu ya majani yaliyozunguka shina na utafute jicho lilipojificha. Jicho hukaa juu tu ya kovu, si chini yake. Ukishajua kovu na jicho, umejua kichwa. Kama kipande kimechakaa na hakisomeki, kilaze kwa ubavu, ukizike nusu kwenye mchanga wenye unyevu. Kitajipanga chenyewe, mizizi chini na jicho juu. Safari ijayo ukikata, upande wa chini kata mshazari na wa juu kata moja kwa moja. Ni kwa ajili hiyo tu kukata mshazari kuna maana kwangu, ni alama.

JaniMoja

Nimelitoa lile jani kwenye chupa na nimekata pingili halisi, yenye kifundo. Swali la mwisho. Nilipande moja kwenye kikopo au kadhaa? Na mama nilikomkata amebaki kisiki kirefu kisicho na jani, nimtupe?

MzeeWaVikopo

Panda kadhaa kwenye kikopo kimoja, tatu hadi tano kwa kikopo kidogo. Potosi haipendi kutoa matawi, pingili moja itakupa kamba moja ndefu na utabaki unasubiri ijae, haitajaa. Zichomeke zikizunguka ukingo, majicho yakiangalia ndani.

Mama usimtupe. Jicho la kwanza chini ya pale ulipokata litaamka, maana ncha iliyokuwa inalizuia umeiondoa. Punguza maji kwa sababu hana majani ya kuyatumia, mpe mwanga, na usimwekee mbolea. Kama kisiki ni kirefu sana na kina vifundo vingi vitupu, kata vipande vya kifundo kimoja kimoja, hata bila jani. Vilaze juu ya mosi (vile vimea vidogo laini kama sifongo) yenye unyevu ndani ya boksi la plastiki lenye kifuniko. Vitachelewa kuliko vyenye majani, ila potosi ina akiba ndani ya shina na vingi vitachipua.

UdongoKwanza

Au kwenye mchanga.

MzeeWaVikopo

Au kwenye mchanga, sawa. Ila usivizike kabisa, jicho libaki linaona mwanga.